Wanafunzi wa katuni wapunguziwe dakika

MEZA YA SALMA
Na Salma Kibwana

Vyuo vinavyofundisha filamu za katuni viache kuwadai wanafunzi dakika. Viwadai ubora.

Hesabu yake si ngumu. Filamu hupita machoni kwa picha 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hupunguza mzigo kwa kuuacha kila mchoro ukae nafasi mbili za picha, hivyo sekunde moja ikatosheka na michoro 12. Hata kwa nafuu hiyo, dakika moja ni michoro 720, na dakika kumi ni 7,200. Mwanafunzi mmoja, mwenye muhula mmoja na masomo mengine kibao, hawezi kuichora yote kwa umakini. Atalipua. Mhusika atasimama kama mlingoti, mdomo tu ukifunguka na kufumba. Anayetumia kompyuta naye hajanusurika: programu humjazia picha za katikati, lakini haimjazii uzito, na mtu wake ataonekana anateleza badala ya kutembea.

Sasa mtazame mama aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Kiwiliwili kinaegemea upande usio na ndoo, mkono mtupu unapanuka kutafuta mizani, hatua zinafupika. Akiitua, mwili haunyooki papo hapo. Unachelewa kidogo, ndipo mabega yanakaa sawa. Mwanafunzi akiweza kutufanya tuuhisi uzito huo kwa sekunde kumi, amethibitisha kwamba kazi anaijua.

Ufupi haujawahi kuwa aibu katika fani hii. Mwaka 1986 Pixar ilitoa Luxo Jr., filamu ya kama dakika mbili yenye taa mbili za mezani, zisizo na macho wala maneno, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mkenya Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever, filamu ya takriban dakika saba kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi, akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi za Kiafrika uliotolewa na Disney+.

Wapo watakaosema mkono hujengwa kwa kuchora sana. Ni kweli, na madaftari ya mazoezi yajae hadi jalada la mwisho. Lakini zoezi ni la mwanafunzi mwenyewe. Kazi ya kuonyesha ni ya mtazamaji na mwajiri. Mwajiri akikuta kipande kibovu katikati ya vizuri vinne, atajiuliza kama aliyekiweka pale ana jicho la kuuona ubovu. Mtaka yote hukosa yote.

Faida kubwa ya kazi fupi ni kwamba inaacha muda wa kurudia, na fani hii hujifunzwa katika kurudia. Kwa hiyo walimu, wekeni kikomo cha juu badala ya cha chini: sekunde 30 zinatosha. Mwanafunzi awasilishe mara tatu, akirekebisha kila mara, na alama zitokane na alichokiboresha. Nanyi wanafunzi, kateni bila huruma kila kipande ambacho hamjakifanyia kazi ya kutosha. Ile hadithi ndefu mliyonayo moyoni haiendi popote. Itawangoja mpaka mpate timu na bajeti inayoistahili.