Sufuria ya Ugali Siyo Kiwanda cha Plastiki

Wadau, nilikuwa nimeapa kutogombana na mtu mwezi huu. Lakini juzi nimerudi kutoka kazini, macho yananiwasha toka mlangoni, namkuta mshikaji ninayekaa naye hapa Ohio amesimama jikoni anakoroga plastiki. Kwenye sufuria yangu. Ile ya ugali!

Anatengeneza chambo bandia, ile minyoo laini ya plastiki ya kuvulia samaki. Niseme haki: kalibu zake nimezipenda. Wengine hununua mnyoo dukani na kuunakili tu. Yeye anafinyanga wa kwake kwa udongo, anaupaka mafuta, anauzamisha nusu kwenye plasta ya jasi, ikishika anautoa, plasta ikikauka anaipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili tatu. Hapo sina neno.

Ugomvi wangu ni na hii imani kwamba kila kitu kinafanyika jikoni. Kile kimiminika cheupe kama maziwa ni PVC, jamani, ile ile ya mabomba ya maji, imechanganywa na kilainishi. Inaiva kwenye nyuzijoto 175 hivi za Selsiasi. Ukiizidishia moto inageuka njano, kisha kahawia, na inatoa gesi ya hidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho na koo lako inakuwa asidi. Na kalibu ambayo haijakauka mpaka ndani je? Maji yanageuka mvuke ghafla, plastiki ya moto inakurukia usoni.

Nikamwambia. Akanijibu kwa historia: Nick Creme na mkewe Cosma walianzia nyumbani kwao Akron, hapa hapa Ohio, mwaka 1949. Kweli kabisa. Mwaka 1949 madaktari nao walikuwa wakivuta sigara hospitalini, turudi huko?

Eti inaokoa hela. Hela ya nani? Hujanunua kipimajoto, miwani, glavu, barakoa ya gesi wala jiko la pembeni, lazima uone rahisi! Tofauti yake nailipa mimi kwa mapafu yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Kibaraza cha nyuma kipo, upepo upo, hata soketi ya umeme ipo. Hoja yake ya mwisho? Nje kuna baridi...

Sufuria nimemwachia. Mpya namdai.