OILI YA DIFU SI KAZI YA BURE

Ndugu wafanya kazi,

Katika gereji zetu za Kawangware, za kando ya Naivasha Road na hata zile zilizo ndani ndani, imeingia desturi moja mbaya. Mteja huleta gari lake abadilishiwe oili ya injini. Bei hupatanwa, kazi hufanywa. Halafu, akiwa ameshika ufunguo mkononi tayari kuondoka, husema, "Fundi, niwekee na ya difu hapo." Mwenye gereji, kwa kuogopa kumpoteza mteja, hukubali bila kutaja bei. Kijana anayejifunza kazi hurudishwa chini ya gari. Oili mpya hulipiwa, maana imetoka dukani. Jasho la kijana halilipiwi, maana limetoka mwilini mwake tu.

Maoni yangu ni kwamba desturi hii ikome. Oili ya difu ni kazi kamili, ina ujuzi wake na hatari zake, na yafaa iwe na bei yake.

Kwanza tuangalie kazi yenyewe, maana asiyejua kazi hawezi kuidai haki yake. Difu ndiyo hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, ili gari likipinda kona gurudumu la nje lipate kwenda mbio kuliko la ndani. Ndani yake gia ndogo, pinioni, husukuma gia kubwa, kraun, na meno yao husagana kwa nguvu nyingi sana. Kwa hiyo difu nyingi hutaka oili nzito yenye dawa ya kustahimili mkandamizo, ya daraja la GL-5, kama vile 80W-90 au 75W-90. Oili ya injini haiwezi kazi hiyo.

Watu husema oili ya difu haiharibiki kwa kuwa haichomwi na moto wa injini. Si kweli. Injini ina filta. Difu za magari yetu mengi hazina. Unga wa chuma unaotoka katika meno hubaki humo humo, ila ule unaonaswa na sumaku ya nati ya chini. Tena gari likipita katika maji mengi wakati wa masika, maji huweza kuingia kwa tundu la kupumulia au kwa sili iliyochoka, na oili ikageuka rangi ya maziwa. Mteja hasikii neno mpaka difu ianze kulia, na ikianza kulia mara nyingi meno na beringi zimekwisha kuumia. Hapo lita mbili za oili haziponyi kitu.

Basi kazi yataka akili. Toyota Hiace ya abiria ina difu nyuma, na hali kadhalika Mark X. Lakini magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele. Difu yao imo ndani ya gia boksi, na nyuma hakuna kitu cha kumwaga. Fundi anayemtoza mtu pesa za difu ya nyuma katika gari lisilo nayo ametuibia jina sisi sote. Katika Subaru nyingi za otomatiki za zamani, difu ya mbele ina oili yake mbali na ile ya gia boksi, na nati zao ziko karibu. Asiyejua humwaga ya gia boksi kwa kudhani amemwaga ya difu, kisha huongeza nyingine juu ya difu iliyokwisha jaa. Gari huharibika mara mbili kwa siku moja.

Iko na kanuni ambayo kila kijana afundishwe siku ya kwanza: fungua nati ya juu, ya kujazia, kabla ya kugusa nati ya chini. Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikakataa kufunguka kwa kutu, gari limebaki kavu na haliwezi kuondoka. Oili iwe vuguvugu, gari lisimame sawa, na katika magari mengi ujaze mpaka oili ifike ukingo wa tundu la juu. Washa iwe mpya. Muda wa kubadilisha ufuatwe kama kitabu cha gari kinavyosema, na gari la mizigo au la abiria lisingoje sana.

Sasa nani anafanya haya yote? Huwa ni yule kijana, amelala chali juu ya katoni, gari limeinuliwa kwa jeki moja tu na jiwe. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ikiteleza katika tope hakuna dakika ya kutoka. Mikono yake haina glovu, oili nyeusi humtiririkia mpaka kiwikoni, na kitambaa cha kujifutia hukitia mfuko wa suruali kikiwa kimelowa.

Kitambaa hicho si jambo dogo. Huko Lancashire, Uingereza, wasokota nyuzi wa viwanda vya pamba walifanya kazi miaka mingi oili ya mashine ikilowesha suruali zao, na wengi walipata saratani ya ngozi sehemu za siri. Mwaka 1926 kamati ya serikali ilitoa taarifa juu ya ugonjwa huo. Hata hivyo mpaka mwaka 1953 ndipo zilipotoka kanuni za kutaka oili isiyo na madhara na wafanya kazi kupimwa na daktari. Miaka 27 ilipita kati ya kujua na kutenda. Sisi tumekwisha kujua, tusingoje hivyo.

Na oili chafu inakwenda wapi? Katika mtaro. Mvua ikinyesha huteremka mpaka mto Nairobi, na mto huo huingia Athi, na maji yake hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani wako watu wanaonywesha mboga kwa maji hayo, na mboga hizo hurudi sokoni tukazinunua sisi.

Wako watakaosema, "Nikidai bei, mteja atavuka barabara kwa fundi mwingine." Ni kweli, kama utadai peke yako. Lakini huyo wa ng'ambo naye anafanya bure kwa kukuogopa wewe. Mteja hakutushinda kwa nguvu. Tumemsaidia sisi wenyewe kwa kushindana nani atajidhulumu zaidi. Bei ikiwa moja pande zote za barabara, hana pa kuvukia. Tena mteja mwenye akili ataona afadhali kulipa kazi iliyofanywa sawasawa kuliko kununua difu nzima.

Kwa hiyo natoa shauri hili kwa wanachama wote:

1. Gereji zote za Kawangware zikubaliane bei moja ya chini ya kazi ya difu, mbali na bei ya oili, nayo ibandikwe ukutani.

2. Sehemu ya bei hiyo apewe mkononi yule aliyelala chini ya gari, hata kama anajifunza.

3. Gari lo lote lisiingiwe chini bila stendi za chuma. Glovu na sabuni zitolewe na mwenye gereji.

4. Oili chafu ikusanywe katika mtungi wenye kifuniko, ichukuliwe na wenye leseni ya NEMA.

Haya si kuomba sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, pawe na paa au pawe jua kali. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka huo huo inamhesabu hata mwanafunzi wa kazi kuwa mfanya kazi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na mazingira ya kazi yafaayo. Sheria zipo, kilichokosekana ni sisi kusimama nazo.

Wenye gereji nao wasituone adui. Wengi wao walianza juu ya katoni ile ile, na migongo yao yakumbuka.

Shauri hili liletwe katika mkutano wa tawi, kila mmoja aseme bei anayoiona ni ya haki, na tukikubaliana pasiwe na mtu wa kupunguza kwa siri jioni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Kawangware