Kamba Si Dawa

Jirani yangu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, ni mama mjane anayejipatia riziki kwa kupika mahamri na mbaazi. Anaye mwana wa miaka 16 ambaye hakujaaliwa kusema. Kwa muda mrefu, kila nilipopita alfajiri kwenda msikitini, nilimwona kijana huyo amefungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya ukumbi. Nami nikisema moyoni, “Mungu amsaidie,” nikenda zangu.

Mtaani walisema ana pepo. Wengine walisema ni mkorofi. Alikuwa akigonga kichwa ukutani na kuwauma waliomkaribia. Mama alihofu kuwa akimfungua atakimbilia barabarani kwenye magari. Mama huyo simlaumu, kwani ndiye aliyekesha peke yake. Wa kulaumiwa ni sisi tuliomwachia mzigo kisha tukaketi barazani kumhukumu.

Siku moja alikuja shangazi yake kijana kutoka Lamu. Huyu hakuuliza, “Tumfunge vipi?” Aliuliza, “Ghasia huanza lini?” Akatazama siku tatu, akaona huzidi wakati wa kula. Kijana alipopelekwa kwa daktari wa meno, alikutwa na jino lililooza. Lilipong’olewa, kuuma watu kukapungua. Kumbe muda wote ule alikuwa akisema, ila sisi hatukuwa na masikio!

Kukimbia hakukwisha, lakini vijana wawili wa mtaa walijitolea kumpeleka ufuoni kila jioni, na mama akamzoeza kuonyesha kikombe akiwa na kiu. Leo ile kamba haipo.

Ndugu wasomaji, tabia ya asiyeweza kusema ni lugha yake. Kabla ya kumkemea, tutazame kilichotangulia: njaa, maumivu, joto, kelele au hofu. Tumpe njia nyepesi ya kueleza haja yake. Ikiwa ni lazima kumshika, iwe ni kumwepusha na hatari iliyo mbele yake, kwa muda mfupi na bila kumuumiza. Kumpiga, kumnyima chakula, kumfungia chumbani au kumlevya kwa dawa ili sisi tupumzike, hayo si malezi bali ni dhuluma.

Wala tusiisingizie dini. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa kuhusu wasioweza kusimamia mali zao kwamba walishwe, wavishwe na wasemeshwe kwa wema. Tumefunzwa pia kuwa kalamu imeondolewa kwa aliyepungukiwa na akili. Ikiwa Mola hamwandikii dhambi, sisi twampigia nini? Na Muslim amepokea katika Sahihi yake kisa cha mwanamke mwenye kasoro ya akili aliyemwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza. Alimwachia achague njia atakayo, akasimama naye mpaka haja yake ikesha.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inataka mlemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa jina la dharau. Kifungu cha 29 kinakataza mateso na adhabu ya viboko kwa mtu yeyote. Lakini katiba haifungui fundo la kamba. Mikono ya jirani ndiyo ifunguayo.

Basi ukipita penye nyumba yenye mtu wa namna hii, usipite kama nilivyopita mimi. Bisha hodi, umwambie mama, “Pumzika saa moja, nitakaa naye.” Wazee wetu walikwisha kutuonya: hujafa hujaumbika.