Mafungo ya wanandoa: kabla hamjasema ni mambo ya wazungu

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana. Leo nataka niongelee jambo ambalo kila nikiligusa kwenye vikao vyetu vya Wabongo hapa Seattle watu wanacheka, halafu wiki inayofuata mmoja mmoja ananipigia pembeni kuuliza, "Hivi da, ilikuwa bei gani?"

Mwaka jana mimi na mume wangu tulikwenda kwenye mafungo ya wanandoa. Ijumaa jioni mpaka Jumapili, nyie wawili na mtaalamu wa ndoa, simu zimezimwa, watoto wameachwa kwa shoga yangu. Si semina ya kukaa watu mia mkimsikiliza mhubiri, na si fungate. Ni kazi, tena ngumu. Na msimamo wangu ni huu: kwa sisi tunaoishi kwa zamu, siku mbili za mfululizo zinafaa kuliko kumwona mshauri saa moja kila wiki.

Kwa nini? Mimi naingia wodini saa moja usiku, natoka saa moja asubuhi. Mzee anaingia ghalani saa mbili unusu. Tunapokezana watoto mlangoni kama manesi tunavyopokezana ripoti: huyu kala, yule ana kikohozi, haya kwaheri. Sasa mshauri wa kila wiki anakupa dakika hamsini. Kumi mnakumbushana mliishia wapi, ishirini mnapasha moto, mkianza tu kugusa kidonda chenyewe muda umekwisha, na mmoja wenu anakimbilia kazini na kidonda kiko wazi. Nesi gani anafungua bandeji halafu anaondoka?

Nyumbani ingekuwa vingine. Mkikwaruzana shangazi anakuja, mshenga anaitwa, mnakalishwa mkekani mpaka kieleweke. Huku shangazi yuko kwenye simu, tofauti ya saa kumi au kumi na moja, anasikia upande mmoja. Na tuseme ukweli jamani, mara nyingi anayepigiwa anamtetea yule anayemtumia hela.

Wanaosema haya ni mambo ya wazungu nawauliza: kufundwa ni nini? Mimi ni mtu wa Tanga, nilifungiwa ndani na somo wangu siku kadhaa nikifundishwa ndoa. Hayo si mafungo? Tofauti ni kwamba nilifundwa peke yangu, na sehemu kubwa ya somo ilikuwa kuvumilia. Mume hakufungiwa popote. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi kabla mahakama haijasikiliza shauri la talaka. Kumweka mtu wa tatu katikati tumekujua zamani.

Huyo mtaalamu wetu anafuata njia ya John Gottman. Huyu mzee na wenzake, kuanzia miaka ya 1980, waliwaweka wanandoa kwenye kijumba cha utafiti hapa hapa Chuo Kikuu cha Washington, wakawarekodi kwa kamera wakizungumza na kugombana, na kuwapima mapigo ya moyo. Anataja tabia nne zinazobomoa ndoa: kumshambulia mtu badala ya kosa lake, dharau, kujitetea kila wakati, na kununa kimya kama ukuta. Mbaya kuliko zote ni dharau.

Basi tulivalishwa kile kidude cha kidoleni ninachowavalisha wagonjwa kila siku. Nilicheka. Mapigo yakivuka 100 kwa dakika mazungumzo yanasimamishwa, mnapumzika dakika ishirini au zaidi, kwa sababu mwili ukishaingia hali ya kupigana au kukimbia masikio hayasikii. Mume wangu ni mpole, akiudhika ananyamaza. Amekaa pale kimya, uso mkavu, mikono magotini, kidude kinasoma 118! Sisi wanawake kimya cha waume zetu tunakisoma kuwa hajali. Yule mtu alikuwa anakimbia mbio akiwa amekaa.

Na tulikuwa tunaongelea nini? Pesa. Nyumbani alikuwa mwalimu wa sekondari, watu wanamwamkia barabarani. Hapa anapanga maboksi, na mshahara wangu ni karibu mara mbili ya wake. Mimi nilikuwa na langu: kusikia kwa shemeji kwamba mabati yameshanunuliwa kijijini kwao, na mimi mwenye zamu za ziada sijaambiwa. Yeye alikuwa na lake: kwamba akiniomba au akinieleza anajisikia kama mtoto anayeomba nauli. Neno hilo alilisema Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya saa tano za kukaa. Kwa dakika hamsini za wiki lisingetoka. Najua ndoa za wenzetu hapa mjini zilizovunjika juu ya jambo hilo hilo, na hakuna aliyelitamka.

Gottman anasema asilimia 69 hivi ya matatizo ya wanandoa hayaishi kamwe. Mwanzoni inakatisha tamaa, lakini fikiria kisukari: haponi mtu, anaishi nacho kwa utaratibu. Ukweni hakutaacha kuomba. Tulichotoka nacho ni kiwango cha mwezi kwa pande zote mbili, na hela inatumwa sote tukiwa tumekaa meza moja. Bado tunabishana. Ila hakuna mabati ya kushtukiza.

Sasa, si kila ndoa ipelekwe huko. Kama kuna kipigo au vitisho, usiende. Hospitali za hapa tunamuuliza mgonjwa akiwa peke yake, "Unajisikia salama nyumbani?", kwa sababu mbele ya mwenzake hatasema. Ukimkalisha mtu chumba kimoja na anayempiga, ukamwambia afungue moyo, atalipia garini wakati wa kurudi. Na kama mmoja ana mwingine nje na hana mpango wa kuacha, mtapoteza hela bure.

Hela zenyewe si kidogo. Sisi tulilipa zaidi ya dola 2,000, na bima nyingi hapa hazilipii ushauri wa ndoa peke yake. Lakini sisi ndio hao hao wa kamati za harusi, michango, ukumbi na keki ya ghorofa kwa sherehe ya usiku mmoja. Asiye nazo aulizie Retrouvaille, ulioanzia Quebec mwaka 1977. Ni mpango wa Wakatoliki lakini wanapokea dini zote. Wanaoongoza ni wanandoa ambao ndoa zao wenyewe ziliyumba, na mnaandikiana kwenye daftari badala ya kuanika mambo mbele ya watu. Wao si wataalamu wa tiba, na wanasema hivyo wenyewe.

Ukipiga simu popote, uliza kama mtaalamu ana leseni ya jimbo, kama ataongea na kila mmoja wenu faragha kwanza, na kama kuna kufuatiliwa baadaye. Mgonjwa anayeruhusiwa bila tarehe ya kurudi kliniki nitamwona tena wodini. Na ombeni likizo ya Jumatatu pia. Mtahitaji kulala.