Matabishi ya wengi na libanga la mmoja



Kila mmoja wetu anajua matabishi ni nini. Ni kile kidogo anachopewa mtu aliyetuhudumia vema, pasipo sharti wala deni. Ni kweli kwamba neno hilo limechafuka, kwa kuwa wengi wanalitumia kufunika rushwa. Hata hivyo tofauti iko wazi: rushwa inatangulia kazi ili kuipotosha, matabishi yanaifuata kazi ili kuishukuru. Tunapenda kulitetea neno hilo, kwa sababu leo wako watu wengi wanaotuhudumia kila siku, nasi hatuwapi kitu.

Tunasema juu ya wale wanaotunga mafundisho, habari na nyimbo na kuziweka katika intaneti. Kijana anaeleza hesabu kwa Kiswahili ili wanafunzi wajiandae kwa mtihani wa Serikali. Mama anaonyesha namna ya kutambua mihogo yenye ugonjwa. Sisi tunatazama, tunafaidika, tunawapelekea wenzetu. Fedha tuliyonunulia megabaiti imebaki kwa kampuni ya simu. Aliyekesha akitayarisha somo hakuona hata franka moja yake.

Basi mtu huyo ataishi kwa nini? Njia ya kwanza ni matangazo ya biashara. YouTube inamwachia mwenye video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo, lakini sharti kwanza awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Mwenye tangazo ananunua macho ya watu, na anayefundisha watu mia tatu kwa utulivu ana macho machache ya kumwuzia. Ndiyo sababu kelele na uchongezi vinalipa kuliko somo la hesabu.

Njia ya pili tunaijua vizuri zaidi. Wanamuziki wa Kinshasa wanaiita libanga, yaani jiwe: tajiri au mwanasiasa anatoa fedha, na jina lake linatupwa ndani ya wimbo. Tusiwahukumu haraka wanamuziki hao, maana nyimbo zao zinanakiliwa kila mahali bila malipo, na kundi lenye watu wengi linapaswa kula. Lakini tuangalie matokeo. Sauti inayopendwa na maelfu inamsifu mmoja, kwa kuwa mmoja ndiye aliyelipa. Vivyo hivyo mwandishi wa habari anayeishi kwa kupaje, ile bahasha anayopewa na mkubwa aliyemwita, hataandika kwamba mkubwa huyo amekula mali ya watu.

Hapo ndipo penye shauri letu. Sauti isiyolipwa na wengi kidogo kidogo itanunuliwa na mmoja kwa wingi. Wahenga wanatuambia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nasi tunaongeza kwamba kibaba kilichojazwa na watu mia tano hakina bwana mmoja wa kukiamuru.

Wengine watasema: mtunzi afunge mlango, asiyelipa asione. Hatukubali. Mwanafunzi asiye na kitu ndiye anayelihitaji somo kuliko wote. Mchango wa hiari una uzuri huu, kwamba mwenye nacho anatoa, na asiye nacho anajifunza bila aibu. Wikipedia haina matangazo ya biashara, inaishi hasa kwa michango, na mlango wake uko wazi kwa maskini kama kwa tajiri.

Kuna vizuizi viwili ambavyo moyo mwema peke yake hauviondoi. Cha kwanza ni ada. Desemba 2017 Patreon, kampuni ya Marekani inayopokea michango kwa ajili ya watunzi, ilitangaza kwamba kila mchango utaongezewa asilimia 2.9 na senti 35. Mwenye kutoa dola moja angelipa dola 1.38. Watoaji wadogo walianza kujiondoa, na katika mwezi uleule kampuni iliomba radhi ikaacha mpango huo. Ada ya namna hiyo haimwumizi anayetoa dola mia. Inamfukuza anayetoa moja. Nchini Kenya M-Pesa haitozi ada kwa mtu anayemtumia mwenzake shilingi 100 au chini yake. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana, na kampuni za simu za kwetu zinaweza kuombwa zifanye vivyo hivyo.

Kizuizi cha pili ni uchovu wa kuamua. Kujiuliza mara ishirini kwa siku kama video hii inastahili franka mia ni kazi inayochosha, na aliyechoka hutoa sifuri. Mwaka 2010 huko Uswidi, Peter Sunde na Linus Olsson walianzisha Flattr. Mtu aliweka kiasi kimoja kwa mwezi, akabonyeza kitufe kila alipopata kitu chema, na mwisho wa mwezi kiasi hicho kiligawanywa kwa wote aliowachagua. Chombo hicho hakikuenea sana, lakini wazo lake latufaa hata bila chombo chenyewe.

Tufanye hivi, basi. Kila nyumba yenye uwezo ipange mwanzoni mwa mwezi kiasi kidogo, hata kama ni bei ya chupa moja ya kinywaji, na kuchagua watunzi wawili au watatu ambao kazi yao imeisaidia kweli. Mtunzi naye aonyeshe wazi namba ya kupokelea, aseme fedha inafanya kazi gani, wala asimtukuze mtoaji kwa jina. Asiyeweza kutoa asisumbuliwe. Kijana yule wa hesabu hahitaji kutajirika. Anahitaji kujua kwamba mwezi ujao atanunua megabaiti za kuweka somo jingine, pasipo kwenda kubisha hodi kwa mheshimiwa.