NRM isome kura za Arua na Koboko kabla wapigakura hawajanyamaza

Tume ya Uchaguzi ya Uganda ilipomtangaza Yoweri Museveni mshindi wa uchaguzi wa Januari 2026 kwa zaidi ya asilimia 71, tarakimu hiyo ndiyo iliyobebwa majukwaani. Ndani ya matokeo hayohayo ipo tarakimu nyingine ambayo haikupigiwa vigelegele. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 52 ya walioandikishwa. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 59, na mwaka 2016 asilimia 67. Kwa miaka kumi sasa, kila uchaguzi mkuu umewaacha nyumbani wapigakura wengi zaidi kuliko uliotangulia.

Gazeti hili linaona hatari katika mteremko huo. Tunasema pia kwamba dalili zake zilijitokeza mapema katika miji miwili ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi. Arua ilisema mwaka 2018, na Koboko ikasema mwaka 2020. Mara zote mbili chama tawala cha NRM kilipewa taarifa ya bure kuhusu hali yake kwa wananchi, na mara zote mbili kikashughulika na waliopiga kura badala ya kushughulika na walichokisema.

Tukumbushane ya Arua. Tarehe 8 Juni 2018 mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake, nje kidogo ya Kampala. Nchi nzima ilimfahamu kwa mavazi yake ya njano kuanzia kofia hadi viatu, na hata gari lake alilipaka rangi hiyo ya chama. Kama kulikuwa na kiti ambacho NRM ilikuwa na haki ya kukidhania chake, ni hicho cha marehemu. Chama kilimsimamisha Nusura Tiperu, mwanasiasa mzoefu aliyewahi kukaa katika Bunge la Afrika Mashariki. Rais mwenyewe alifika Arua kumnadi.

Upinzani uliingia ukiwa umegawanyika. Mpinzani mkongwe Kizza Besigye alimpigia kampeni Bruce Musema wa chama cha FDC, wakati mwanamuziki na mbunge Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alimuunga mkono Kassiano Wadri, mbunge wa zamani wa Terego aliyegombea bila chama. Kwa hesabu za kawaida za siasa, kura za wapinzani zikigawanyika chama tawala hupita katikati. Tarehe 15 Agosti Arua ilikataa hesabu hiyo, na Wadri akashinda.

Alitangazwa mshindi akiwa mahabusu. Siku mbili kabla ya kura, tarehe 13 Agosti, mji ulikuwa umeingia katika vurugu. Serikali ilisema msafara wa Rais ulipigwa mawe. Jioni hiyo Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, aliuawa kwa risasi ndani ya gari. Waandishi wawili wa NTV walikamatwa wakiwa kazini. Watu 33 walishtakiwa kwa uhaini huko Gulu, wakiwemo wabunge na Wadri mwenyewe. Bobi Wine alipelekwa kwanza mbele ya mahakama ya kijeshi kwa tuhuma za silaha. Mashtaka hayo yalifutwa, kisha naye akaunganishwa na wenzake katika kesi ya uhaini.

Aliyerusha jiwe kwenye msafara wa Rais hana utetezi katika ukurasa huu. Jiwe ni kosa, na sheria ina adhabu yake. Hata hivyo, maelfu waliopanga foleni tarehe 15 Agosti hawakurusha jiwe. Walikwenda vituoni katika mji uliojaa askari, wakaweka karatasi kwenye sanduku na kurudi makwao. Hao ndio waliostahili jibu. Kwa wiki kadhaa baadaye serikali ilizungumza juu ya gari la msafara lililovunjwa kioo, wachochezi, na majeraha ambayo Bobi Wine alisema aliyapata kizuizini, kama ni ya kweli au ya kuigiza. Kwa nini mji wa Abiriga ulimkataa mgombea wa chama cha Abiriga? Swali hilo liliachwa pembeni.

Majibu hayakuwa mbali. Kuanzia Julai 1 mwaka huohuo serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya kijamii, pamoja na asilimia moja ya fedha zinazotumwa kwa simu. Arua ni mji wa biashara unaoishi kwa bidhaa zinazovuka mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, na mfanyabiashara wa mpakani asiye na simu hana duka. Miezi minane kabla ya kura ya Arua, Desemba 2017, Bunge lilikuwa limefuta ukomo wa umri wa mgombea urais, na Abiriga alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa hoja hiyo. Juu ya hayo yote, Arua ilikuwa bado nje ya gridi ya taifa. Ilitegemea kampuni ya WENRECo, mitambo ya dizeli na bwawa dogo la Nyagak huko Zombo lenye uwezo wa megawati 3.5. Mchomelea vyuma aliyeshinda kutwa akingoja umeme urudi hakuhitaji mchochezi kutoka Kampala ili akasirike.

Arua haikuwa peke yake. Kati ya Juni 2017 na Agosti 2018 NRM ilishindwa katika chaguzi ndogo za Kyadondo Mashariki, Jinja Mashariki, kiti cha wanawake cha Rukungiri, na Manispaa ya Bugiri. Washindi walitoka vyama vya FDC na JEEMA na kundi la wagombea binafsi. Kushindwa mara tano, katika pande mbalimbali za nchi na mbele ya wapinzani mbalimbali, hakuelezeki kwa jina la mchochezi mmoja.

Sasa twende Koboko, ambako hapakuwa na jiwe wala bomu la machozi, na ndiyo maana funzo lake ni zito zaidi. Evelyn Anite alijulikana nchini kote Februari 2014, pale Kyankwanzi, alipopiga magoti mbele ya wabunge wenzake wa NRM akiomba Museveni awe mgombea pekee wa chama. Baadaye akawa waziri, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Manispaa ya Koboko. Mwaka 2017 alisimama mstari wa mbele katika kampeni ya kufuta ukomo wa umri. Ndani ya chama hakuna aliyeweza kuutilia shaka uaminifu wake.

Septemba 2020 NRM ilifanya kura za mchujo kwa wanachama kupanga mstari nyuma ya mgombea wampendaye. Hapakuwa na sanduku wala pazia la siri. Wana-NRM wa Koboko walisimama juani, majirani na maofisa wakiwatazama, wengi wao nyuma ya Dk. Charles Ayume, mtoto wa Francis Ayume aliyewahi kuwa Spika na Mwanasheria Mkuu. Anite akaangushwa, na Ayume akaenda bungeni kwa tiketi ileile ya NRM. Katika kura hizo mawaziri wengine kadhaa nchini walipata pigo kama hilo.

Waliofanya hivyo si wapinzani. Ni wenye kadi za njano, waliokubali kuonekana mchana kweupe wakimkataa waziri aliye karibu na Rais. Chama kinachojiheshimu kingetuma watu Koboko kwenda kuuliza ni nini kilichowafikisha hapo. Kilichofuata ni kwamba baraza la mawaziri lilipotangazwa mwaka 2021, Anite alirejeshwa katika Wizara ya Fedha kama waziri wa nchi. Rais ana mamlaka ya kikatiba ya kumteua amtakaye, na hatusemi alivunja sheria. Tunasema kwamba mwanachama wa Koboko aliyesimama kwenye mstari ule alipewa ujumbe: simama utakapo, uamuzi uko kwingine.

Watetezi wa chama wana hoja, na ni haki tuipime. Watasema kwamba mwaka 2021, Buganda ilipoigeukia NUP, chama kikuu cha upinzani, kaskazini ya Uganda ilimpa Museveni kura nyingi, na kwamba uchaguzi mdogo ni hasira ya siku moja inayopoa yenyewe. Ni kweli kwamba kaskazini ilimbeba. Lakini ni kweli pia kwamba Bunge lililotoka katika uchaguzi huo lilikuwa na wabunge binafsi zaidi ya 70, wengi kuliko wa NUP. Wengi katika kundi hilo ni watu walioachana na NRM baada ya kuzozana juu ya kura za mchujo. Hasira haikupoa, bali ilibadili njia.

Pale serikali ilipojibu hoja yenyewe, wananchi waliona. Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ilibadili biashara ya mpakani, na hakuna dereva wa lori anayeibeza. Hakuna mbunge, awe wa njano au wa rangi nyingine, aliyehitaji kukamatwa ili nguzo za umeme zisimame. Kama umeme huo ungekuja kabla ya 2018, huenda Agosti ya mwaka ule ingekuwa na habari nyingine.

Kinachotutia hofu zaidi ni kwamba vipimo vyenyewe vinaanza kuondolewa. Tarehe 10 Julai 2018, wiki tano kabla ya kura ya Arua, Uganda ilichagua wenyeviti wa vijiji, yaani LC1, kwa mara ya kwanza tangu 2001. Muda wao ulipokwisha mwaka 2023, serikali ikauongeza, kisha ikauongeza tena, ikisema hakuna fedha. Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayeandika barua ya utambulisho, anayesuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba na anayejua nyumba gani imelala njaa. Kijiji kisipomchagua mtu huyo kwa wakati, chama tawala kinakosa habari za kijiji hicho hadi siku ya uchaguzi mkuu, na siku hiyo huwa kimechelewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jirani yetu wa kusini ametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014 nchini Tanzania, chama tawala cha CCM kilishinda lakini kilipoteza mitaa na vijiji vingi kwa wapinzani. Uchaguzi uliofuata, wa 2019, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, vyama vikajitoa, na CCM ikachukua karibu asilimia 99. Mwaka 2024 hali ikawa karibu ileile. Kwenye karatasi, tatizo lilikuwa limekwisha. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana waliingia barabarani, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na watu wakauawa. Malalamiko yaliyokosa nafasi kwenye kura ya mtaa yalitafuta nafasi kwingine.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, NRM ichapishe tathmini yake ya kila uchaguzi mdogo na kila kura ya mchujo inayomwangusha kiongozi wake, ikitaja hoja za wananchi na tarehe ya kuzijibu. Pili, serikali itenge fedha na kuitisha uchaguzi wa LC1 bila nyongeza nyingine ya muda. Tatu, polisi na jeshi wakae mbali na kampeni, na kosa la mtu mmoja lishtakiwe kama kosa la mtu mmoja badala ya kuwakusanya wagombea na wapita njia katika shtaka moja la uhaini. Nne, Tume ya Uchaguzi ieleze hadharani, wilaya kwa wilaya, ni kwa nini karibu nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura Januari 2026. Tume inayojua kuhesabu waliokuja ina wajibu wa kuuliza habari za ambao hawakuja.

Kwa wapinzani tuna neno pia. Arua haikuwapa cheti cha kudumu. Waliomchagua Wadri walitaka umeme, biashara na heshima, na chama chochote kinachodhani kura ile ilikuwa mapenzi kwa nyota wa muziki kitashangaa kama NRM ilivyoshangaa.

Na kwa wapigakura wa Arua, Koboko na West Nile yote: msichoke. Mlisimama mwaka 2018 wakati bunduki ziko barabarani, na mlisimama mwaka 2020 kwenye mstari ambao kila mtu aliuona. Aliyebaki nyumbani Januari 2026 ana sababu zake, na hatumlaumu, lakini kura isiyopigwa huhesabiwa na watawala kama ridhaa. Jiandikisheni, daini uchaguzi wa vijiji vyenu, na mlindeni kila mtakayemchagua asije akatangazwa mshindi akiwa mahabusu.