Kimya Si Wimbo

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii ilitungwa kuonya: anyamazaye ana jambo moyoni, na mwenye busara hujihadhari naye. Walakini katika uhakiki wa muziki wa roki siku hizi onyo hilo limegeuzwa kuwa mizani ya thamani. Kila mwanamuziki mkongwe arudipo na santuri mpya baada ya miaka kumi, ishirini au arobaini, wahakiki huanza kwa kuhesabu miaka. Kabla wimbo wa kwanza haujasikiwa, kungoja kumekwisha kuwa sifa, na kimya kimekwisha kupewa heshima ambayo kwa haki ni ya wimbo. Desturi hii ina makosa mawili. La kwanza ni kosa la akili. La pili, lililo kubwa zaidi, ni kosa la haki.

Kosa la akili ni jepesi kuonyeshwa. Guns N' Roses, bendi ya Marekani, walitoa santuri mbili za tungo zao wenyewe mwaka 1991. Santuri yao nyingine ya tungo mpya, Chinese Democracy, haikutoka ila mwaka 2008. Miaka 17 ilipita, na katika wapigaji waliofanya santuri ya kwanza ya bendi hiyo mwaka 1987 alikuwa amebaki mwimbaji Axl Rose peke yake. The Cure wa Uingereza walitoa santuri mwaka 2008, wakakaa miaka 16 bila ya nyingine mpya, kisha wakarudi Novemba 2024 na Songs of a Lost World. Muda wa kungoja unakaribia kulingana, lakini matunda hayalingani hata kidogo. Ile ya kwanza ni kazi iliyotiwa nakshi juu ya nakshi hata umbo lake likapotea. Hii ya pili ina nyimbo 8 tu, na kila mmoja una sababu ya kuwapo. Robert Smith, aliyekuwa na umri wa miaka 65, aliimba humo kifo cha ndugu yake bila ya pambo la kuficha uchungu. Kama urefu wa kungoja ungalikuwa ndio mzazi wa ubora, santuri hizi zingalifanana kama pacha. Hazifanani, kwa sababu muda haufanyi kazi. Mtu ndiye afanyaye kazi ndani ya muda.

Wako na wengine waliokosea kwa upande wa pili. Hao husema kwamba roki ni muziki wa ujana, na mzee aupigaye ni mfano wa babu aliyevaa nguo za mjukuu. Hoja hii huonekana ya busara mpaka ipimwe. Rolling Stones walipotoa Hackney Diamonds Oktoba 2023, santuri yao ya kwanza ya tungo mpya za kwao tangu mwaka 2005, Mick Jagger alikuwa na umri wa miaka 80. Mtu aweza kuzibishia nyimbo hizo. Umri wa mwimbaji hauzibishii wala hauzitetei. Zaidi ya hayo, yako mambo ambayo ujana hauwezi kuyaimba. David Bowie alitoa Blackstar tarehe 8 Januari 2016, siku aliyotimiza miaka 69, akafariki siku mbili baadaye kwa maradhi ya saratani. Mtu aliyekuwa akitazama mlango wa kaburi alitunga kwa macho wazi. Kijana wa miaka ishirini aweza kukidhania kifo. Kukipa sauti ya namna ile ni kazi ya aliyekikaribia.

Basi hapa ndipo kosa la haki lifunuliwapo. Wanaosifu kimya husahau kwamba kimya kina bei, na si kila mtu awezaye kuilipa. Bowie huyo huyo aliugua moyo katika safari ya maonyesho mwaka 2004, akakaa bila ya santuri mpya toka mwaka 2003 hata 2013. Mwaka 1997 alikuwa amekwisha kuuza hati za dhamana zilizotegemea mapato ya nyimbo zake za zamani, na kwa njia hiyo alipata dola milioni 55. Hapana lawama katika hilo; ni haki ya mtu kula jasho lake. Lakini kimya cha namna hiyo ni pumziko la mtu anayelishwa na kazi yake mwenyewe. Kukiita ushujaa wa subira ni kutia chumvi.

Mtu atazame sasa Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa miji ya shaba walipiga roki yao wenyewe, iliyokuja kuitwa Zamrock, na Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa nchi kwa 95%. Bendi ya WITCH ilikuwa mbele ya wote, na mwimbaji wake Emanuel Chanda akajulikana kwa jina la Jagari. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo, fedha zikaadimika, vita vya nchi jirani vikaleta amri za kutotembea usiku, na kanda za wizi zikala faida ya santuri. Maradhi ya UKIMWI yakawachukua wapigaji wengi wa kizazi kile. Jagari alifundisha muziki, kisha akaenda kuchimba vito ardhini. Alipokuwa shimoni, hakuna mhakiki aliyesema kwamba anangojewa, wala aliyekiita kimya chake hekima. Mwaka 2023 WITCH walitoa Zango, santuri yao mpya ya kwanza katika muda wa karibu miaka 40, nao waliirekodi Lusaka katika studio ile ile waliyoitumia zamani.

Yamkini mtu atasema kwamba huku ni kuomba huruma badala ya hukumu. Sivyo. Zango haistahili kusifiwa kwa ajili ya shimo la vito, kama vile Songs of a Lost World isivyostahili kusifiwa kwa ajili ya miaka 16. Kila santuri na isikilizwe kwa masikio yale yale, na iliyo dhaifu iambiwe kwamba ni dhaifu. Lakini mhakiki anapotaja muda wa kimya, hana budi kutaja na sababu yake: nani alinyamaza kwa hiari yake, na nani alinyamazishwa, nani alilipwa alipokuwa kimya, na nani alinyang'anywa kilicho chake. Asiyeuliza hayo huwapa matajiri sifa ya subira, na huwaachia maskini jina la waliosahauliwa, kana kwamba usahaulifu ni mvua inyeshayo yenyewe.

Wajibu huu ni wa wanachuo kuliko wa wauzaji, kwa kuwa muuzaji hutafuta mnunuzi, na mwanachuo hutafuta kweli. Ukweli huo hautaki maneno ya fahari. Unataka kanda zihifadhiwe kabla hazijaoza, majina ya wapigaji yaandikwe wangali hai, na malipo ya nyimbo zilizorudishwa sokoni yawafikie waliozitunga au warithi wao. Jagari alirudi kwa sababu aliishi. Wenzake wengi katika bendi ile hawakuishi, na kimya chao hakina mshindo wa kungojewa na mtu yeyote.